Hiace ya dizeli (3L) inagoma kuwaka alfajiri, mchana inaitika kwa kuguswa tu. Tuanzie wapi?

Mtu wa Igombe
Mwangaluka wakuu.

Nina Hiace ya zamani, injini 3L, gia za mkono. Nabeba akina mama wa dagaa kutoka Igombe kwenda Mwaloni Kirumba, kwa hiyo lazima niwe barabarani kabla jua halijachomoza. Tangu kipupwe kianze mwezi wa sita gari imebadilika tabia. Alfajiri napiga stata, inazunguka, haishiki. Napumzisha, narudia. Mwisho inashika kwa silinda mbili au tatu, inatetemeka mwili mzima, moshi mweupe unajaa uwanja, majirani wanafunga madirisha. Baada ya muda mfupi inatulia na kuwa gari ya kawaida. Kuanzia hapo hadi jioni haina neno. Hata ikilala mchana kutwa pale Mwaloni, naigusa tu inawaka.

Niliinunua Dar, na kule mwenyewe aliiwasha asubuhi mbele yangu ikashika mara moja. Hapa nimeenda kwa mafundi watatu na kila mmoja ana lake: wa kwanza hita plagi (zile za kupasha joto silinda kabla ya kuwasha), wa pili pampu ishushwe ikapimwe, wa tatu injini imechoka nifanye ovahoo, yaani ifumuliwe yote. Kabla sijatoa hela ya watoto, wenye uzoefu mnisaidie.

Kipanya Mzee
Hita plagi hizo. Badilisha zote nne ulale usingizi.

Mkinga Halisi
Baridi ya Mwanza! Watu wanaamka na nyuzi 17 au 18 halafu wanavaa makoti. Huku Makete mwezi wa saba majani yanaamka meupe kwa barafu na Hiace zinapakia viazi saa kumi na moja. Mkuu, gari yako ina ugonjwa wake, usiisingizie hali ya hewa.

Fundi wa Nyakato
Habari wakuu. Kabla mtu hajataja kifaa chochote, muulizeni mwenye gari swali moja: wakati unapiga stata na injini haijashika, kwenye ekzosi kunatoka moshi au hakuna kitu?

Dizeli haina plagi ya cheche. Pistoni inabana hewa, hewa inapata moto, nozo inapuliza mafuta humo, yanawaka yenyewe. Kwa hiyo vitu vinavyotakiwa ni vichache: mafuta yafike, hewa ibanwe, na joto litoshe. Moshi mweupe wakati wa kupiga stata maana yake mafuta yamefika kwenye silinda lakini hayajaungua, yametoka kama mvuke. Hapo tafuta joto na mbano: hita plagi, kasi ya stata, kompresheni (nguvu ya mbano), taimingi (wakati wa kupuliza mafuta). Ukiona ekzosi kavu kabisa, hakuna hata harufu, basi mafuta hayajafika. Hapo hata ufunge hita plagi za dhahabu hutapata kitu.

Hii 3L nozo yake haipulizi moja kwa moja juu ya pistoni. Inapuliza kwenye kichumba kidogo ndani ya hedi (kichwa cha injini), na kichumba kile kikiwa cha baridi kinakula joto la hewa iliyobanwa. Ndiyo maana injini ya aina hii inahitaji hita plagi hata sehemu ambazo siyo za barafu. Ndugu yangu wa Makete, nyuzi 18 kwa injini nzima siyo kitu, nakubali. Kwa injini iliyochoka kidogo, nyuzi 18 na 28 ni maisha mawili tofauti.

Mtu wa Igombe
Fundi asante. Nimeangalia leo makusudi, nikamweka kijana nyuma. Anasema stata ya kwanza na ya pili hakuna moshi kabisa. Baadaye unaanza kidogo kidogo, halafu mweupe mwingi, ndipo inashika.

Sengerema Njiapanda
Umeshajipa jibu mwenyewe. Stata za mwanzo kavu, moshi unakuja baadaye: mafuta yanarudi kwenye tenki usiku. Gari imevuta upepo.

Kwenye hizi injini hakuna pampu ya kusukuma mafuta kule kwenye tenki. Pampu kubwa ndiyo inanyonya yenyewe, tenki likiwa chini. Sasa pakiwa na tundu dogo kama la sindano popote kati ya tenki na pampu, mchana huoni kitu kwa sababu injini inanyonya kwa nguvu. Ukizima, usiku kucha hewa inaingia polepole na dizeli inashuka. Asubuhi unapiga stata kuvuta mafuta upya toka mbali.

Angalia kile kipampu cha mkono juu ya filta, mpira wake wa ndani ukichoka unavuta hewa bila kuvujisha hata tone. Wengi wanatafuta sehemu yenye unyevu wa dizeli, na hapo huwezi kuona unyevu. Angalia pia mipira midogo ya mafuta yanayorudi kwenye tenki. Ikianza kupasuka kwenye ncha, imekwisha.

Halafu swali: usiku unaegesha wapi? Tambarare au mlimani?

Mtu wa Igombe
Mlimani mkuu. Kwangu kuna mawe kila upande, naegesha pua juu, nyuma naweka jiwe.

Sengerema Njiapanda
Basi kesho egesha pua chini, matairi ya mbele yazuiwe na jiwe zuri. Tenki lipande, pampu ishuke. Ikiwaka vizuri, usinunue hita plagi hata moja. Na huo ndio msaada wangu wa bure.

Waya Mbili
Wakuu naona tunakimbia umeme. Mimi ni mtu wa rewaya, gari za dizeli zinakuja kwangu kila kipupwe.

Kwanza, ile taa ya koili kwenye dashibodi haipimi hita plagi. Inaongozwa na taima. Inaweza kuwaka na kuzima vizuri kabisa huku plagi zote nne zimekufa. Nimekutana na madereva wanaapa kwamba hita zinafanya kazi kwa sababu taa inawaka.

Kupima ni kazi ya dakika chache. Toa ule ukanda wa chuma unaounganisha vichwa vya plagi. Chukua mita, weka kwenye omu, mguu mmoja kichwani kwa plagi, mwingine kwenye bloku. Plagi nzima inasoma chini kabisa, kama omu 1 au pungufu. Plagi iliyokatika haisomi chochote. Huna mita? Chukua balbu yenye waya mbili, mmoja kwenye chanya ya betri, wa pili gusa kichwa cha plagi. Ikiwaka, waya wa ndani haujakatika. Lakini balbu haikwambii kama plagi inapata moto wa kutosha. Kwa hilo ichomoe, uishike kwa koleo siyo kwa mkono, uipe umeme uone ncha inavyoiva.

Ukimaliza hapo, rudisha ukanda, mtu awashe swichi, pima volti kwenye ukanda. Ukikuta plagi nzima lakini umeme haufiki, tafuta rilei. Ukikuta umeme unafika volti 8 au 9, tafuta waya uliooza au nego (waya wa hasi) mbovu.

Na kama fundi fulani amekufungia swichi ya kubonyeza ya kupeleka umeme moja kwa moja kwenye plagi, usiibonyeze muda mrefu kwa kufikiri unasaidia. Ncha inavimba, siku ya kuichomoa inakatikia kwenye hedi.

Mama Mwaloni
Mimi siyo fundi, nina Hiace mbili na dereva. Yangu moja ilikuwa na dalili hizo hizo. Tukabadilisha hita plagi, tukasafisha nozo, tukashusha pampu, hela ikaisha. Akaja kijana mmoja mkimya akasikiliza stata tu, akasema "mama, hii inazunguka polepole." Stata ilikuwa na bushi zilizokwisha na kaboni zimebaki vipande. Mchana injini ikiwa ya moto, oili nyepesi, inazunguka vya kutosha. Asubuhi oili nzito, stata inazunguka lakini bila kasi. Ilipotengenezwa, ikawaka.

Kwa hiyo kaka usiseme "inazunguka vizuri" mpaka uilinganishe na gari ya mwenzio.

Fundi wa Nyakato
Dada hapo umesema jambo kubwa. Ikizunguka polepole hewa inapata nafasi ya kuvuja pembeni ya ringi na joto linapotea. Mtu wa Igombe, weka mita kwenye betri usiku umezima gari: kama 12.6 ni nzuri. Mtu apige stata huku unaangalia. Ikishuka chini ya 9.6 au 9.5, ama betri ama stata. Pia hamisha mguu wa mita kutoka kwenye nego ya betri uweke kwenye bloku ya injini. Kukiwa na tofauti kubwa, waya wa nego ndio mwizi. Waya huo unaoza kwa ndani, kwa nje unaonekana mzima, hasa gari zinazobeba samaki na barafu yenye chumvi.

Jiwe la Bismarck
Na dizeli nayo inaganda kwa baridi wakuu, inakuwa nzito haipiti kwenye filta. Ndiyo maana mchana inapona.

Mbeba Maboksi
Hapana mkuu. Niko Ujerumani, haya ndiyo maisha yetu. Dizeli huanza kutoa nta ikikaribia nyuzi 0 au chini ya hapo, inategemea ilivyotengenezwa. Huku sheria inataka dizeli ya majira ya baridi ipite kwenye filta hadi nyuzi 20 chini ya sifuri, na kuanzia katikati ya Novemba vituo vyote vinauza hiyo. Nyuzi 18 juu ya sifuri haiwezi kugandisha dizeli hata ukiisubiri mwaka.

Ila mwenzetu wa Makete hapo asipumue sana, akipanda Kitulo na dizeli ya kawaida usiku wa barafu anaweza kukutana na hilo.

Mkinga Halisi
Napanda kila wiki na sijaganda.

Nshomile wa Kemondo
Nawasalimu kutoka upande wa pili wa ziwa. Mnasahau maji. Sisi tunaokaa ufukweni unyevu wa ziwa tunaujua. Tenki likibaki nusu usiku, hewa ya juu inapoa, inatoa jasho ndani ya tenki. Maji ni mazito kuliko dizeli, yanakaa chini, ndiyo ya kwanza kunyonywa. Chini ya filta kuna koki ya plastiki. Weka chupa safi, legeza koki, piga kipampu cha mkono, acha chupa itulie. Ukiona mstari kati ya maji na mafuta umepata mchawi wako.

Kingine ni mafuta yaliyochanganywa na ya taa. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati, walianza kuweka vinasaba (alama ya kutambua mafuta halali) kwenye mafuta mwaka 2010 kwa sababu ya mchezo huo. Mafuta ya taa ni membamba, hayalainishi pampu, na pampu iliyolika inashindwa kujenga presha inapozunguka polepole. Mchana ikishapata kasi inajitetea.

Kipanya Mzee
Nshomile umeandika kama unafundisha chuo kikuu, tatizo ni hita plagi.

Nshomile wa Kemondo
Kipanya, na wewe umeandika kama umelipwa na muuza hita plagi.

Ticha wa Fizikia
Kuna kitu mwenye uzi amekisema mwanzoni na nyote mmekiruka. Gari ilikuwa Dar. Dar ni usawa wa bahari, na usiku wake hata mwezi wa saba una joto kuliko Mwanza. Ziwa letu lenyewe liko mita 1,134 juu ya bahari. Hewa hapa ni pungufu kwa kama asilimia 12 au 13. Injini inavuta hewa ile ile kwa ujazo, lakini yenye uzito mdogo. Kwa hiyo ukibana unapata presha ndogo zaidi. Injini iliyokuwa imebakiza kidogo tu kule Dar, hapa inakosa.

Siyo lazima kitu kimeharibika tangu ainunue. Inawezekana ilikuja imechoka hivyo hivyo, joto la Dar likaifichia siri.

Mkinga Halisi
Ticha kwa hesabu hiyo sisi huku juu tungekuwa tunatembea kwa punda. Kitulo inapita mita 2,600.

Ticha wa Fizikia
Injini nzima ina akiba kubwa ya mbano, ndiyo maana inawaka hata huko. Iliyochoka haina akiba. Hiace zenu zinazoamka na barafu zina ringi nzuri na hita nzuri, la sivyo mngekuwa mnazisukuma.

Mkinga Halisi
Huku mtu akilegea baridi inamuumbua wiki ya kwanza. Nakubali kwa hilo.

Taimingi
Mimi nakuja na lingine. Ubavuni mwa pampu ya 3L kuna kidude chenye mipira miwili ya maji ya rejeta. Ndani kina nta. Injini ikiwa baridi nta inasinyaa, inavuta wenzo, mafuta yanawahishwa kidogo kupulizwa na sailensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) inapanda yenyewe. Maji yakipata moto nta inatanuka, kila kitu kinarudi mahali pake. Ni kifaa cha kuwashia asubuhi, hakina kazi nyingine.

Sasa gari nyingi zinazofika kwangu kidude hiki kimekatwa. Mpira wa maji umevuja, fundi akaunganisha mipira yenyewe kwa yenyewe akairuka pampu. Nta haipati maji ya moto, sailensa inakaa juu siku nzima, dereva analalamika gari inanguruma na kula mafuta. Fundi anakaza skrubu ili wenzo usifanye kazi tena. Dereva anafurahi. Kikija kipupwe ndipo uzi kama huu unafunguliwa.

Mtu wa Igombe, ikishika asubuhi, sailensa inakuwa juu halafu inashuka, au inakuwa chini toka mwanzo?

Mtu wa Igombe
Chini toka mwanzo. Lazima nikanyage mafuta la sivyo inazima. Na mipira miwili unayosema sijaiona. Kuna mpira mmoja umezunguka hapo.

Taimingi
Basi imerukwa. Mwambie fundi akuonyeshe. Pia uliza mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini na nani. Ukiruka jino moja upande wa pampu, gari inatembea, inapoteza nguvu kidogo, na asubuhi inatoa moshi mweupe hivyo hivyo. Ukifungua kifuniko cha mbele alama zinajionyesha.

Dogo wa Buzuruga
Nyie mnachelewesha watu. Chukua kitambaa, chovya petroli, weka kwenye mdomo wa hewa, piga stata. Inawaka hapo hapo. Au ile spei ya kopo. Injini ya 3L ni cc 2986, ina nguvu, haiumii.

Fundi wa Nyakato
Dogo, 2986 ni 5L. 3L ni cc 2779.

Na hilo la petroli naomba usimfundishe mtu. Spei na petroli vinawaka mapema kuliko dizeli, kabla pistoni haijafika juu. Unasikia inagonga kama nyundo. Ringi zinavunjika, kuta za ringi kwenye pistoni zinamenyuka. Kama hita plagi zina moto muda huo, mvuke unaweza kulipuka kwenye njia ya hewa na uso wako uko hapo. Injini inazoea pia: ringi zinazidi kuchoka, kila wiki unaongeza dozi. Nimefungua injini nyingi za namna hiyo. Mwenye gari anaponiambia "asubuhi huwa tunaipa kidogo" najua nitakachokikuta.

Mama Mwaloni
Dereva wangu alifanya hivyo akaunguza nyusi. Mungu alimlinda macho.

Mtu wa Igombe
Mrejesho wakuu. Nimeenda kwa mtu wa umeme na maelezo ya Waya Mbili mkononi. Plagi mbili hazisomi kitu, mbili nzima. Nimenunua nne mpya. Asubuhi ya leo imewaka mapema zaidi, lakini bado stata ya kwanza kavu, na ikishika inatikisika na moshi upo. Nafuu ipo, kupona hapana.

Kipanya Mzee
Nilisema.

Waya Mbili
Ulinunua za volti ngapi? Gari hizi zina mifumo miwili. Kuna za kama volti 6 zinazotumia rilei mbili na kipunguza umeme, na kuna za volti 11 au 12 zinazopewa umeme wote. Ukifunga za 12 kwenye mfumo wa 6 zinapata vuguvugu tu. Ukifunga za 6 kwenye mfumo wa 12 zinaungua zote ndani ya muda mfupi. Muuzaji wa duka hakuulizi, anaangalia urefu na nyuzi za skrubu basi. Namba imeandikwa ubavuni.

Mtu wa Igombe
Imeandikwa 11V. Kwenye ukanda tulipima tukapata kama 10 na nusu.

Waya Mbili
Hapo sawa. Umeme toa kwenye orodha, isipokuwa stata ya Mama Mwaloni.

Sengerema Njiapanda
Stata ya kwanza bado kavu, mnasikia lakini? Hita plagi haileti moshi pasipo mafuta. Mkuu, jaribu la galoni. Chukua galoni safi la lita tano, jaza dizeli safi, lifunge juu kuliko injini, ndani nyuma ya kiti cha dereva. Chomoa mpira unaoingia kwenye pampu, weka mpira mpya unaoonyesha kutoka kwenye galoni, na mpira wa kurudisha uingize kwenye galoni hilo hilo. Toa upepo, washa, zima, lala. Asubuhi piga. Njia yote ya tenki na filta unakuwa umeiondoa kwenye kesi. Usivute sigara karibu na usitembee nalo barabarani.

Halafu huo mpira unaoonyesha utakupa faida nyingine, utaona povu likipita kwa macho yako.

Shemeji wa Geita
Sengerema, wewe ulijifunzia wapi uvumilivu huu wa kutoa upepo?

Sengerema Njiapanda
Kigongo. Enzi za kivuko unapanga foleni, ukiingia ndani unaambiwa zima injini. Mnafika Busisi, gari zote zinawaka, yako imekwama mbele ya mabasi. Honi unazopigiwa siku hiyo huzisahau. Nilitembea na spana namba 10 mfukoni ya kutolea upepo. Sasa daraja limefunguliwa tangu Juni 2025, kilomita tatu unavuka bila kugusa ufunguo. Vijana hawatajua.

Shemeji wa Geita
Wauza mahindi ya kuchoma wa Kigongo ndio nawakumbuka. Foleni ile ilikuwa na riziki za watu.

Mama Mwaloni
Na sangara wa kukaanga. Turudi kwenye gari, mwenzetu ana mzigo alfajiri.

Mwanamageuzi wa Magu
Jamani kabla ya magaloni, maji ya rejeta yanapungua? Hizi hedi zikiwahi kuchemshwa zinapasuka kati ya valvu, ufa mdogo. Ukizima, presha ya rejeta inasukuma maji kidogo ndani ya silinda usiku. Asubuhi silinda hiyo haiwaki, gari inatetemeka kwa tatu, moshi mweupe, halafu maji yakiungua inatulia. Ndivyo alivyoeleza mwenyewe kwenye mstari wa kwanza: "silinda mbili au tatu". Nusa moshi. Wa dizeli unachoma macho. Wa maji hauchomi, unalowesha ncha ya ekzosi.

Mtu wa Igombe
Maji naongeza kidogo, siyo kila siku. Moshi unachoma macho sana.

Mwanamageuzi wa Magu
"Naongeza kidogo" ndiyo lugha ya wote kabla ya hedi.

Mtu wa Igombe
Mrejesho mwingine. Galoni tulilifunga jioni. Asubuhi imewaka stata ya kwanza, moshi ulikuwepo ila mchache, ikatikisika kidogo ikatulia.

Sengerema Njiapanda
Nilikuwa nasubiri sentensi hiyo. Badilisha kipampu cha mkono, mipira yote na klipu. Kazi imekwisha.

Ticha wa Fizikia
Sengerema ngoja kwanza. Usiku wa jana huku kulitanda mawingu, hata shuka sikujifunika. Usiku wa kipupwe ukiwa mweupe joto linapanda juu na kupotea, ukiwa na mawingu linabaki. Umebadilisha mafuta, na usiku nao umebadilika. Arudie kwenye usiku mkavu.

Kipanya Mzee
Na hita plagi ni mpya. Msisahau.

Sengerema Njiapanda
Hita mpya zilikuwepo asubuhi iliyotangulia na stata ilikuwa kavu. Tusitafute mawingu wakati mpira umepasuka.

Fundi wa Nyakato
Mtikisiko umebaki, na galoni haliondoi mtikisiko. Pima kompresheni sasa, kupitia matundu ya hita plagi, kwa kipimo cha dizeli. Cha petroli mara nyingi kinaishia 300 kitakufia mkononi. 3L yenye afya inasoma kwenye psi (kipimo cha presha) 450 hivi. Ikifika chini ya 285 imefika mwisho, na tofauti ya silinda na silinda isizidi kama 70. Fungua pia kifuniko cha oili ikiwa inaunguruma uone kama inapumua kwa nguvu.

Ticha wa Fizikia
Fundi, namba hizo ni za usawa wa bahari. Mwanza injini ile ile ya 450 utasoma kama 390. Usije ukamvunjia mtu injini nzima.

Fundi wa Nyakato
Hapo nakuunga mkono. Ninachojali mimi zaidi ni tofauti kati ya silinda.

Mtu wa Igombe
Tumepima leo, injini ya moto, betri imechajiwa. Ya kwanza 350, ya pili 340, ya tatu 345, ya nne 290. Haipumui sana kwenye kifuniko.

Fundi wa Nyakato
Ya nne ndiyo inayotikisa. Tofauti 60, ndani ya kipimo lakini mlangoni. Kama haipumui, ringi siyo za kwanza kushukiwa. Pima uwazi wa valvu, huenda moja imebanwa haifungi vizuri. Na nozo ya nne ishushwe, ikiwa inakojoa badala ya kupuliza ukungu itazidisha moshi.

Mwanamageuzi wa Magu
Au ni hedi, silinda ya nne iko nyuma kabisa, mbali na pampu ya maji.

Ticha wa Fizikia
290 ya hapa ni kama 330 ya Dar. Ndiyo maana kule iliwaka.

Taimingi
Na mpaka sasa hakuna aliyerudisha kile kidude cha nta. Mbano mdogo unataka mafuta yawahi, na gari hii asubuhi mafuta hayawahi.

Sengerema Njiapanda
Galoni.

Mtu wa Igombe
Nawashukuru wote. Mpango wangu: mipira na kipampu cha mkono kwanza kwa sababu ndiyo rahisi, valvu na nozo Jumapili ambayo sipakii, kidude cha nta nikikipata kizima kwa wauza mtumba. Hedi siigusi mpaka nione maji yanapungua kweli, nimeshaweka alama kwenye chupa ya rejeta. Usiku mweupe ukija nitarudia galoni, Ticha utanijulisha anga.

Dogo wa Buzuruga
Mkuu huo mpira unaoonyesha uliupata duka gani? Nilitafuta Makoroboi nikapewa wa bomba la maji, dizeli ikauyeyusha.

Mtu wa Igombe
Wa maji usitumie kabisa, unakuwa mgumu na kupasuka. Ulizia wa mafuta wa milimita 8 kwa wauza spea za pikipiki, wanakata kwa mita. Na ukisharudisha mfumo wa kawaida uutoe, usiuache juu ya injini ya moto.

Mkinga Halisi
Ukimaliza lete mrejesho hata kama itakuwa mwezi wa tisa joto limerudi na kila mtu anadai alishinda.